Masika ya Kusafisha Kompyuta

Jumatatu, 1 Machi 2004

Mimi Aliko nina bahati kuliko mtu yeyote kati ya Kasumulu na Itungi, na naanza daftari hili kwa kuliandika hilo ili lisije likabishaniwa. Wengine bahati huwapita wamesinzia. Mimi ilinikuta Blantyre mwaka juzi, nimesimama dukani nakula chipsi. Walikuwa wanachezesha bahati nasibu ya sabuni. Nikatumbukiza karatasi moja, moja tu, na jina lililotoka ni langu. Kompyuta nzima, na monita yake, na printa yake. Watu walipiga makofi mpaka chipsi zikapoa.

Ndiyo hiyo iliyozaa steshenari yetu hapa Mbugani, ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga. Barua, maombi ya kazi, kadi za harusi, vyote vinatoka kwangu. Shule niliishia la saba, lakini Lilongwe, Lusaka na Tunduma zimenimalizia masomo. Daftari ni la binti yetu Doreen, aliliacha alipokwenda bweni. Alisema, "Baba, maneno yako yanapotelea hewani, yaandike." Haya, mwanangu, nayaandika.

Jumatano, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mama Angetile wa Ngana ameingia na baiskeli mbili za kukodi, moja yake, nyingine ya mzee Nsajigwa, ambaye alifungwa kanga kiunoni na mwendeshaji asije akadondoka kwenye tope. Mzee amepita miaka themanini.

"Ugonile, Tata," nikamsalimu.

"Ndaga. Mashine iko wapi? Nisije nikafia kwenye salamu."

Habari yenyewe ni hii. Mume wa mama Angetile alifariki mwaka jana. Sasa shemeji yake, Abrahamu, anadai shamba lote, mpunga na kakao, eti marehemu aliazimwa tu. Baraza litasikiliza tarehe kumi na tisa Mei. Mama anasema shamba lilipimwa kwa kamba na baba mkwe wake na mumewe akapewa moja kwa moja. Nikamuuliza kwa nini asisimame mwenyewe akaeleza alichokiona. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyelelewa Ulaya.

"Siku wanapima nilikuwa mkamwana wa mwezi wa pili, baba Doreen. Mkwe akitokea njiani mimi naingia migombani najifunika uso. Kamba ningeionea wapi?"

Kweli. Kwetu mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, na jina lake halitamki hata akishazikwa. Kwa hiyo aliyeona na aliye hai ni mmoja tu, huyu mzee, ambaye siku hiyo alishika ncha ya pili ya kamba.

Nilichapa mwenyewe, vidole kumi, mzee anasema na mimi natiririka. Alisema mengi, ya kamba, ya mkaa, ya mto. Sekela, mke wangu, alikuwa pembeni, na mama Angetile alikuwa amekwenda sokoni, akarudi tumemaliza. Tatizo ni wino wa printa, umekwisha na mpya unatoka Mbeya. Mzee akasema safari ya Ngana mpaka mjini hairudii tena mwaka huu. Akaomba karatasi nyeupe, akaweka dole gumba lake kule chini kabisa, akasema, "Maneno mtayajazia juu yake." Mama Angetile na Sekela wakaandika majina yao pembeni kuwa wameshuhudia. Sekela ameifungia karatasi kwenye bahasha ya nailoni, ndani ya sanduku lake la nguo.

Ijumaa, 5 Machi

Mvua. Barua mbili za kuomba kazi, zote kwa mwajiri mmoja. Niliwatakia wote wawili ushindi.

Jumatatu, 8 Machi

Leo nimepata mganga wa kompyuta. Godwin, yule anayetembeza sidii kutoka Mbeya, aliniuzia programu ya kusafisha na kukarabati. Inafagia taka, inasaka makosa, inaongeza mbio. Ukiifungua unaona saa yenye mshale, na mshale wangu ulikuwa kwenye nyekundu. Makosa mia nne na kumi na mawili. Nilishtuka kama mtu aliyesomewa dhambi zake kanisani. Nikabonyeza. Ikazunguka dakika kumi, mshale ukaja kijani, ikanipongeza.

"Kabla ya leo ilikuwa inaumwa nini?" Sekela akauliza.

"Ilikuwa inaumwa bila kujijua, mama Doreen. Hayo ndiyo magonjwa mabaya."

"Na sasa ina mbio?"

"Huoni?"

Akasema haoni. Sekela alizoea taipureta, anataka mashine ipige kelele ndipo aamini inafanya kazi.

Jumanne, 9 Machi

Makosa mia tatu themanini na nane. Nilisafisha jana. Nadhani hewa ya Kyela ina makosa mengi.

Jumatatu, 15 Machi

Abrahamu alikuja. Sikumwita, alikuja na mbasa wawili wabichi kutoka ziwani, wamefungwa kwenye jani la mgomba, akasema ni zawadi ya jirani. Ngana na Mbugani si majirani, lakini mbasa ni mbasa. Ana barua ya kuchapwa, ya mistari minne. Akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa meza, na macho yake hayakuwa kwenye barua, yalikuwa kwenye orodha ya mafaili.

"Hilo la Angetile ni la nini?" akauliza, pole pole kama anayeuliza bei ya chumvi.

"Kadi ya harusi," nikasema.

"Mjane anaolewa?"

"Watu wana mioyo, mwanakwetu."

Akacheka. Mimi pia nikacheka. Akasema atakuwa anakuja mara kwa mara, anapenda kujifunza kompyuta.

Alipoondoka niliwaza kama nilivyowaza miaka kumi kwenye daraja la Songwe. Nilivusha sukari, betri na vitenge chini ya magunia ya pumba, na sikukamatwa hata siku moja, maana hakuna afisa anayeingiza mkono kwenye pumba, zinawasha. Kitu cha thamani kinalala chini ya takataka. Kompyuta nayo ina pipa lake la taka, liko pale pembeni ya skrini. Ukifuta kitu kinaangukia humo, na ukitaka unakirudisha. Nikalifuta faili la mzee Nsajigwa, nikalitazama likitua pipani, nikaridhika. Abrahamu apekue atakavyo.

Jumanne, 16 Machi

"Faili la mama Angetile limekwenda wapi?" Sekela ameuliza asubuhi.

"Liko mahali ambapo hata wa forodha hawalipati."

"Sikuulizi wa forodha. Nakuuliza wapi."

"Ukijua wewe, uso wako utasema. Uso wako haujui kunyamaza, mama Doreen."

Akataka anunue disketi tuweke nakala. Nikamwambia disketi masika haya zinaota ukungu kama mkate, na hilo si uongo.

Jumatatu, 22 Machi

Mto umejaa. Makosa mia tano thelathini. Kompyuta imeanza kuvuma kama inavuta pumzi kwa taabu, na ukibonyeza herufi inakuja baada ya muda, kama mgeni wa mwaliko. Nasafisha asubuhi na jioni. Kila nikisafisha inapongeza, kila nikifungua inalaumu.

Sekela anasema ni vumbi la kukobolea. Anasema mashine ya mpunga ikinguruma, meza inakuwa nyeupe kwa robo saa, na kompyuta ina feni inayolivuta lile vumbi ndani. "Fungua boksi upulize, baba Doreen. Chukua brashi ya rangi, ile mpya."

"Boksi halifunguliwi ovyo. Ndani kuna ufundi."

"Na hiyo sidii ya Godwin inapiga brashi?"

Nilimjibu kwa mzaha, akatoka. Wateja watatu walikuwepo wakasikia. Sikupenda.

Jumatatu, 29 Machi

Maji yamefika ngazi ya pili. Tumepandisha meza juu ya matofali. Abrahamu amekuja tena, na ndizi. Anajua sasa kuwasha na kuzima.

Jumapili, 4 Aprili

Kanisani tulikuwa wachache, njia zimejaa maji. Hakuna la kuandika.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Mzee Nsajigwa amefariki. Homa ya siku tatu. Tulikwenda Ngana kwa miguu, maji yanafika magotini, Sekela amebeba mchele kichwani na viatu mkononi.

Msibani nilikaa na wanaume. Abrahamu alikuwepo, analia kuliko watoto wa marehemu. Mama Angetile alinifuata kwenye migomba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Sasa mzee yuko kwako tu, baba Doreen."

"Yuko salama, mama."

"Una hakika?"

Nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba maneno ya mzee yako salama kuliko mzee mwenyewe. Wawili watatu walicheka. Wengine walitazama chini. Nimekuwa nikiirudia sentensi hiyo njia nzima na kila hatua inazidi kuwa mbaya.

Jumatano, 14 Aprili

Wino umefika Tukuyu, lakini basi haliteremki, barabara imekatika. Nimefungua pipa nikaangalia. Faili lipo. Nimeangalia mara tatu leo. Abrahamu alikuja nikamwambia tumefunga, na mlango uko wazi.

Jumanne, 20 Aprili

Naandika wakati Sekela amelala.

Wino ulifika saa nne, dereva alinirushia dirishani. Sekela alikuwa sokoni. Nikasema leo hii hii nachapa ukurasa wa mzee juu ya dole lake, nimpelekee mama Angetile kwa mkono wangu, na njia nzima nitasimulia. Nikawasha. Kompyuta ikaganda. Nikazima, nikawasha, ikaganda tena pale pale. Hofu ikanishika kwamba itagandia katikati ya kuchapa na kuiharibu ile karatasi, maana dole lile ni moja na mwenyewe yuko kaburini. Ilipoamka mara ya tatu nikafungua programu ya Godwin. Makosa mia saba.

Siku zote nilikuwa nabonyeza ule usafi wa kawaida. Chini yake kuna usafi wa kina, na orodha ya visanduku, vingine vina alama na vingine havina. Nikaweka alama vyote. Niliona ni uzembe kufagia sebule na kuacha jikoni. Ikaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Mimi nimeulizwa swali hilo mpakani mara elfu, siku zote nimejibu ndiyo. Nikajibu ndiyo.

Ilifagia dakika ishirini. Ilipomaliza mshale ulikuwa kijani kibichi ambacho sijawahi kukiona. Nikaenda kwenye pipa kulirudisha faili.

Pipa lilikuwa tupu.

Nilikaa. Mashine ya mpunga ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma. Nikafungua ile programu tena, nikidhani kinachofuta kinajua kurudisha. Nikaisafisha tena. Nikachomeka sidii nikaiweka upya kabisa. Kuna mahali imeandikwa kupanga upya diski, nikabonyeza hapo, ikapanga saa mbili nzima, vijiviringo vinahamahama. Nilipomaliza ikaniambia kompyuta yangu sasa iko katika afya bora.

Sekela aliporudi akauliza kama wino umefika. Nikasema bado.

Jumatano, 21 Aprili

Mama Angetile amekuja. Nimemwambia wino ulioletwa umekauka.

Ijumaa, 23 Aprili

Amekuja tena, amelowa mpaka kichwani. Nimemwambia kesho kutwa. Ameniachia mkungu wa ndizi. Siwezi kuzila.

Jumatatu, 26 Aprili

Makosa mia mbili na kumi. Sikubonyeza kitu. Nimeizima nikaifunika kitambaa.

Alhamisi, 29 Aprili

Sekela ameikuta katriji ya wino nyuma ya gunia la mchele, bado mpya. Ameiweka mezani mbele yangu, akaendelea kumenya ndizi. Nimemweleza yote, pumba, pipa, visanduku. Nilitaka aseme. Aliuliza moja tu.

"Ulilificha kwenye taka, halafu ukafagia taka."

"Ndiyo."

"Siku zote nilikuwa nakuuliza liko wapi, baba Doreen."

Akaingia ndani. Nilimsikia akifungua sanduku kuangalia kama ile bahasha bado ipo.

Jumatatu, 3 Mei

Barabara imefunguka. Tumekwenda Mbeya mimi na Sekela, boksi la kompyuta limekaa mapajani mwangu, kwa fundi anayeitwa Reubeni. Kijana mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamweleza. Akauliza, "Baada ya kufuta ulifanya nini?"

"Nilisafisha tena. Nikaweka programu upya. Nikapanga diski."

Akavua miwani. "Kitu kikifutwa hakiondoki hapo hapo, mzee wangu. Kinabaki, ila kompyuta inaona nafasi yake ni wazi. Ungeizima siku ile ile ukaniletea, labda. Wewe umejenga nyumba mpya juu yake mara tatu."

Alijaribu mchana kutwa. Alipata vipande vya kadi ya harusi ya mwaka jana na nusu ya barua ya Abrahamu.

Halafu akafungua boksi. Alimwaga pumba. Naandika kweli, pumba, kiganja kizima, na vumbi la unga limeshika feni kama sufi, na mende wawili wakavu. Akapiga brashi, akapuliza kwa pampu ya baiskeli, akafunga, akawasha. Ikaamka kama ilivyoamka siku ya kwanza.

"Basi hizi programu hazifai kabisa?" nikauliza.

"Ile kazi ya kufagia mafaili ya muda, kompyuta yenyewe inajua kuifanya, nitakuonyesha bure. Hizi za mtaani zinakuhesabia makosa ili uogope. Nikiiweka kwenye kompyuta mpya kutoka boksini, nayo itaambiwa ina makosa mia tatu. Wewe usafi uliouhitaji ni wa brashi."

Sekela alikuwa amekaa pale mlangoni. Hakugeuza hata shingo. Ningependa angegeuza, aseme nilikwambia. Njia nzima ya kurudi alitazama milima.

Ijumaa, 7 Mei

Nimefanya jambo leo, nusu yake. Sekela alikuwa kwa dada yake. Nilifungua sanduku, nikatoa karatasi yenye dole. Nyeupe yote, na chini lile dole la zambarau lenye mistari kama shamba lililolimwa. Nikakaa kwenye kompyuta nikaanza kuandika. Mimi Nsajigwa nilishika kamba. Tulipima kutoka barabarani. Nikaweka hatua mia mbili mpaka mtoni, kwa sababu mia mbili ni namba nzuri na mama Angetile angefaidika. Nani angejua? Mzee hasemi. Nikaweka karatasi kwenye printa.

Nikakumbuka sura yake akisema mtayajazia juu yake. Alisema maneno, hakusema yapi, kwa sababu alidhani tumeyasikia.

Nimeitoa karatasi. Nimeirudisha kwenye nailoni. Nimefuta nilichoandika, na safari hii nimefurahi kufuta.

Jumatatu, 10 Mei

Nimekwenda Ngana peke yangu, kwa baiskeli. Mvua imepungua, mpunga umeanza kuinama. Mama Angetile alikuwa anaanua kakao. Nikamweleza yote huku nimesimama, kwa sababu nikikaa ningeanza kusimulia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe siku zile nilizokuja na mvua."

"Ndiyo, mama."

"Wino haukukauka."

"Haukukauka. Karatasi yenye dole ninayo. Ukisema tuijaze, naijaza hata leo, hatua utakazo wewe."

Alikusanya kakao iliyobaki kwenye mkeka, yote, kwa utaratibu. "Mzee alibebwa kwenye baiskeli kwenye tope lile aseme kweli. Mimi nimwekee uongo mdomoni akiwa chini? Abrahamu ndiye anayesemea wafu. Mimi siwezi." Halafu akauliza, "Nani alichapa?"

Sikujibu vizuri. Nilisema tulichapa. Nimepanda baiskeli.

Jumatano, 19 Mei

Baraza lilikaa darasani, shule imefungwa kwa ajili ya mafuriko. Mwenyekiti ni mzee Hebroni, alikuwa karani wa ushirika zamani, anaongea polepole na anaandika kila kitu. Abrahamu alivaa koti.

Abrahamu akasema yake, safi, ya mtoto wa mwenye shamba. Baba yangu alimwazima kaka. Mama Angetile akaulizwa aliona nini. Akasema alikuwa migombani, uso umefunikwa. Wazee wakatikisa vichwa, wanajua, lakini kalamu ya Hebroni haina cha kuandika.

"Shahidi mwingine?"

Nikasimama. Nikaweka mezani karatasi nyeupe yenye dole. Hebroni akaigeuza huku na huku.

"Hii haina maneno."

"Maneno yalikuwepo, mwenyekiti. Nimeyapoteza mimi. Nilisafisha kompyuta nikayafuta."

"Yalifutwa au uliyafuta?"

"Niliyafuta. Niliambiwa tuweke nakala, nikakataa. Niliulizwa kama nina hakika nikasema ndiyo."

Abrahamu akacheka kidogo. "Mwenyekiti, huyu ni mchekeshaji wa Mbugani. Kwangu alisema ni kadi ya harusi."

Watu wakacheka. Na mimi hapo nilikuwa na utani mdomoni, mzuri, ungemkata. Nikaumeza.

"Wewe ndiye uliyechapa?" Hebroni akauliza. "Maana aliyechapa alisikia. Tueleze basi mzee alisema nini."

Mji mzima unajua ni mimi ninayechapa. Nimeusimulia mimi. Hata daftari hili nimelidanganya.

"Hapana," nikasema. "Mimi sijui kuchapa, natafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja. Siku ile nilikuwa nje kwa watu wa mashine ya mpunga. Sikusikia neno. Aliyechapa ni mke wangu."

Sekela alisimama kabla sijakaa. Alisema kama anasoma. Kwamba mzee alishika kamba upande wa magharibi. Kwamba walianzia barabarani, na kwenye kona tatu walichimba mpaka kiwikoni wakazika mkaa na vigae vya chungu, maana mkaa hauozi, na Nsajigwa ndiye aliyebeba mkaa. Kwamba baba wa Abrahamu alisema mbele yake, hili ni la mwanangu huyu na watoto wake, siliazimi. Abrahamu akaacha kucheka.

"Na kutoka kona ya tatu kwenda mtoni?" Hebroni akauliza. "Huko ndiko kuna jaruba la mpunga. Hatua ngapi?"

Sekela akafunga macho. Mama Angetile alikuwa anamtazama, na mimi namtazama, na nilijua namba yoyote atakayoitaja itaandikwa.

"Mia na arobaini, au mia na sitini," akasema. "Nilichapa namba, sikuibeba kichwani. Sikumbuki, na siapi nisichokijua."

Tulikwenda shambani wote, tope mpaka ugokoni. Walichimba kona ya barabarani, wakakuta maji tu. Ya pili, mkaa, na vigae vitatu vyekundu. Ya tatu, mkaa. Mzee Hebroni alishika kipande, kikamwachia weusi kidoleni.

Uamuzi aliusoma pale pale. Nyumba na kakao yote mpaka kona ya tatu ni ya mama Angetile na watoto wake. Kuanzia hapo mpaka mtoni hakuna ushahidi wa kipimo, kwa hiyo jaruba linabaki la ukoo, na mkuu wa ukoo ni Abrahamu. Mpunga uliosimama, aliopanda mama Angetile, atauvuna yeye msimu huu, halafu basi.

Mama Angetile alimshika Sekela mikono yote miwili, akamshukuru. "Ndaga fijo, mwanangu." Halafu akaja kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Baba Doreen, una moyo mzuri. Usiniwekee kitu tena."

Jumamosi, 22 Mei

Mvua imekatika. Sidii ya Godwin nimeivunja, sikumpa mtu, maana ningempa mtu ningeisifia. Brashi iko juu ya meza, Sekela anapiga kila Ijumaa, mimi nashika boksi. Jana nilimwambia nitakwenda Ngana siku ya kuvuna jaruba, nibebe magunia. Akasema, "Nenda, lakini usisimulie." Nitakwenda.

Niliandika tarehe mosi Machi kwamba nina bahati. Ni uongo. Blantyre nilikwenda na chipsi nilikula, lakini bahati nasibu niliitazama tu, waliitwa wengine. Sijawahi kushinda kitu. Kompyuta aliinunua Sekela kwa kiinua mgongo chake, walipobinafsisha kiwanda wakampunguza kazi ya uchapaji.